SOMO: "Ni majani tu" – dawa za mimea kwa wamama ambao mwezi umekoma, na hatari kwa ini



Katika masomo yaliyopita tulisema juu ya mbolea ya majani na juu ya kukausha mavuno. Leo somo ni tofauti kidogo. Wengine watauliza: agronomu anaingia namna gani katika mambo ya wamama? Jibu ni hili: mimea ndiyo kazi yangu, na mmea mmoja ambao nilileta mimi mwenyewe ulikunywewa kama dawa, bila mimi kutoa onyo lolote. Nitaeleza.

1. Yaliyotokea nyumbani kwetu

Mama mukubwa wangu, dada ya mama yangu, analima na anafuga sungura. Miaka michache imepita nilimpelekea vipandikizi vya konsude. Konsude ni mmea wenye majani mapana, yana manyoya yanayokwaruza mkono, na maua yake yananing'inia kama kengele ndogo. Nilimwambia: "Mama mukubwa, hii utakatia sungura kidogo kidogo, na ingine utaloweka katika maji, itakuwa mbolea ya maji kwa kabichi." Ndivyo nilivyofundishwa shuleni, na ndivyo nilivyomfundisha. Sikuongeza neno.

Wakati ule mwezi wake ulikuwa umekoma. Usiku joto lilimpanda ghafla toka kifuani mpaka kichwani, analowa jasho, anatupa blanketi, kisha anaanza kutetemeka kwa baridi. Usingizi hakuna. Aliona haya, hakuambia mtu. Sokoni mwuzaji mmoja wa dawa akamwuzia unga wa mizizi iliyochanganywa, bila kumwambia ni mizizi gani. Jirani mmoja naye akamwambia kwamba konsude inajenga mwili. Basi akawa anachemsha vyote pamoja: kikombe asubuhi, kikombe jioni, mwezi baada ya mwezi.

Kwanza hamu ya chakula ikapotea. Kisha akaanza kusikia maumivu chini ya mbavu za kuume. Tumbo likavimba, macho yakageuka rangi ya manjano. Watu wengine wakasema amelogwa. Kwenye kituo cha afya, muuguzi, binti mmoja kijana, akamwuliza: "Mama, kuna dawa gani ingine unakunywaka nyumbani?" Akajibu: "Hakuna, mwanangu." Akaulizwa tena, akajibu vile vile. Mara ya tatu yule binti akageuza swali: "Na majani, mama?" Hapo akasema: "Ah, majani, ndiyo. Lakini yale ni majani tu, haiko dawa."

Alipelekwa hospitali. Dokta alimkataza vyote, akampima magonjwa mengine ya ini, hakuyaona. Hakuweza kuapa kama ni konsude au ni ule unga wa mizizi, au vyote viwili. Mama mukubwa alipona, lakini polepole. Msimu mzima hakushika jembe. Siku moja akaniuliza: "Mutoto wangu, wewe ndiye uliniletea. Juu ya nini haukuniambia?" Somo hili ndilo jibu nililochelewa kumpa.

2. "Ya asili" haimaanishi "haina hatari"

Sisi wakulima tunalijua jambo hili vizuri, lakini tunalisahau tukifika kwenye dawa. Tuchukue mihogo michungu. Haikutoka kiwandani. Ni ya asili kabisa. Lakini hakuna mama anayeichimba asubuhi na kuila mchana. Anailoweka siku tatu au nne, anaianika, ndipo anaitwanga. Ndani yake kuna sumu inayoitwa sianidi. Katika Kwango, hapa kwetu Congo, watu waliokula mihogo ambayo haikulowekwa vya kutosha walipata ugonjwa wa konzo: miguu inakakamaa, na haiponi tena. Ugonjwa huo uliandikwa na waganga tangu mwaka 1938.

Mmea hauna miguu ya kukimbia adui. Wadudu na mbuzi wakija kuula, silaha yake ni sumu. Sumu hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo, mara nyingine inakuwa dawa. Kwa kipimo kikubwa, au kwa muda mrefu, inaua. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: mmea gani, sehemu gani, kipimo gani, kwa siku ngapi, na kwa mtu gani? Kusema tu kwamba ni ya asili hakujibu kitu.

3. Kazi ya ini ni nini?

Ini liko upande wa kuume, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Tulifananishe na depo ya koperative. Kila mfuko wa kahawa unaotoka mashambani unapita depo kwanza: unapimwa, unachaguliwa, kibaya kinatupwa, kizuri kinaenda soko. Vivyo hivyo, karibu kila kitu tunachokula na kunywa, kikitoka tumboni kinaingia katika damu na kupita ini kwanza, kabla ya kufika moyoni na mwilini kote. Chakula, kasiksi, vidonge vya hospitali, chai ya majani: vyote vinapita mlango ule mmoja.

Kuna mambo mawili ya kukumbuka.

La kwanza: ini halilii mapema. Linaweza kuharibika nusu nzima na mtu anaendelea kulima. Akianza kusikia, mara nyingi uharibifu umeendelea.

La pili: kuna sumu ambazo ziko kimya ndani ya mmea, na ni ini lenyewe, katika kuzifanyia kazi, linazigeuza kuwa kali. Ndivyo ilivyo kwa konsude. Ina sumu za jamii inayoitwa alkaloidi za pirolizidini. Ini likizigeuza, zinaziba mishipa midogo ya damu ndani yake. Damu inakosa njia, maji yanajaa tumboni. Kuchemsha hakuondoi sumu hii: inaingia ndani ya chai. Mizizi inayo zaidi kuliko majani. Na hata mtu akikunywa kidogo kila siku, madhara yanajilimbikiza.

4. Mimea ambayo tunapaswa kuijua

Konsude. Mwaka 2001, huko Marekani, idara ya serikali inayosimamia chakula na dawa iliwaambia watengenezaji waondoe konsude katika dawa zote za kumeza. Kwa mbolea ya maji, endeleeni kuitumia. Lakini mtu asiinywe, asiile.

Krotalaria. Wengi wenu mnaipanda kwa kurudisha nguvu ya udongo. Maganda yake makavu yanalia kama kayamba. Iko na aina nyingi sana. Kenya ya magharibi watu wanakula majani ya aina fulani kama mboga, wanaiita mitoo. Aina zingine zina sumu ile ile ya konsude. Katika Jamaika, miaka ya 1950, waganga waliona watoto wengi wenye tumbo lililovimba na ini lililoharibika. Sababu ilikuwa chai za majani ya porini, na moja ya majani hayo ilikuwa krotalaria. Wazazi walikuwa wanawapa kama dawa, kwa upendo. Kwa hiyo ile tunayowagawia kwa udongo, iacheni shambani.

Ageratumu. Haya ni magugu mnayoyang'oa kila msimu: jani lenye manyoya na harufu kali, ua dogo la rangi ya samawati au jeupe. Watu wengi wanayatumia kama dawa. Nayo yana sumu ya jamii ile. Katika Tigray, nchi ya Ethiopia, watu wa kijiji waliugua ini, na wachunguzi walikuta sumu ya ageratumu katika nafaka zao: magugu yalikuwa yamevunwa pamoja na chakula. Mapalilio mazuri, basi, yanalinda ini pia.

Dawa za chupa na vidonge kutoka mbali. Wamama wengine wanatumiwa na watoto wao walioko Ulaya, au wananunua mjini, vidonge vya mmea mmoja wa Amerika ya Kaskazini. Kwa Kifaransa unaitwa actée à grappes noires, kwa Kiingereza black cohosh. Ndio mmoja wa mimea inayouzwa sana kwa ajili ya joto la kukoma mwezi. Mwaka 2006 shirika la dawa la Ulaya lilitoa onyo kwamba watu kadhaa walioutumia walipata ugonjwa wa ini, na Australia ikadai onyo liandikwe juu ya chupa. Si kila anayeutumia anaugua, ni wachache. Lakini hakuna anayejua mapema kama atakuwa mmoja wa wale wachache. Tena, chupa zingine zilipopimwa zilikutwa na mmea mwingine unaofanana nao. Karatasi nzuri juu ya chupa haihakikishi kilichomo ndani.

Millepertuis. Huu unachanganywa katika dawa zingine za kutuliza moyo wakati mwezi umekoma. Shida yake ni kwamba unalifanya ini liharakishe kazi na kutupa nje dawa zingine kabla hazijafanya kazi. Mama anayekunywa dawa za kupunguza virusi vya SIDA, au anayetumia vidonge vya kupanga uzazi, dawa zake zinakosa nguvu. Anafikiri amekingwa, kumbe hapana.

5. Ukungu: hatari ambayo haionekani

Hata mmea mzuri unaweza kuharibika mikononi mwetu. Mizizi na majani yaliyokauka vibaya yanaota ukungu, kama karanga na mahindi. Ukungu mwingine unatoa sumu inayoitwa aflatoksini, na adui yake wa kwanza ni ini. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 walikufa. Mtu mwenye virusi vya hepatiti B, sumu hii inamzidishia sana hatari ya kansa ya ini. Unga wa mizizi ukishasagwa, ukungu hauonekani tena kwa macho. Kwa hiyo unga usiojulikana ulikaukia wapi na lini, uache sokoni.

Ongezeni hili: msichume majani ya dawa katika shamba lililopigwa dawa ya wadudu. Msiyaweke katika bidoni au mfuko uliokuwa na dawa ya shamba, hata kama mmeuosha.

6. Mama afanye nini na joto lake?

Kwanza, tuseme wazi: kukoma kwa mwezi si ugonjwa, si laana, si uchawi. Kwa wamama wengi kunafika kati ya miaka 45 na 55. Mama akikaa miezi 12 bila kuona damu, tunasema mwezi umekoma. Joto la ghafla, jasho la usiku, usingizi mbaya, hasira, kukauka kwa njia ya uzazi: hayo yanawapata wengi. Kwa wengine yanadumu miezi, kwa wengine miaka.

Mambo yasiyo na hatari ambayo yanaweza kusaidia:
- Kuvaa nguo nyepesi moja juu ya nyingine, ili uvue moja joto likipanda.
- Kulala mahali panapopita hewa, na kuweka maji ya baridi karibu.
- Kupunguza pombe, pilipili na vinywaji vya moto sana jioni. Pombe ni mzigo kwa ini pia.
- Kula maharagi, soya, sombe na ndagala. Ndagala na mifupa yao zinasaidia mifupa ya mama, ambayo inapungua nguvu wakati huu. Soya kama chakula, uji au maziwa yake, haina shida, na inaweza kupunguza joto kidogo kwa wamama wengine. Tunasema soya ya sahani. Vidonge vya soya ni jambo lingine.
- Tangawizi au citronelle kwa kiasi cha chakula au chai ya kawaida, si kwa kuchemsha chungu kizima.

Joto likizidi, kuna matibabu hospitalini, hata ya homoni. Dokta anamwuliza mama kwanza juu ya magonjwa aliyopata, kwa sababu si kila mama anaruhusiwa: aliyeugua kansa ya ziwa, aliyepata damu kuganda mishipani, au mwenye ugonjwa wa ini, anatafutiwa njia nyingine.

Na jambo moja kubwa: mama aliyemaliza mwaka mzima bila mwezi, akiona damu tena, hata matone, asiseme ujana umerudi. Asitafute majani. Aende hospitali upesi, maana inaweza kuwa kansa, na ikionekana mapema inatibika vizuri zaidi.

Wababa, hapa kuna neno lenu. Mama anayeficha shida yake kwa sababu mnamcheka, ataitibu gizani. Mkimsikiliza, atauliza mapema.

7. Maswali matano kabla ya kukunywa

Sisemi muache waganga wote wa kienyeji. Wako wenye ujuzi, na mganga wa kweli hakasiriki akiulizwa. Mwulize hivi:
1. Mmea huu unaitwaje? Nionyeshe ukiwa mzima, na majani na maua yake.
2. Unatumia sehemu gani: jani, ganda au mzizi?
3. Kipimo gani, na kwa siku ngapi? Dawa isiyo na siku ya mwisho, ikatae.
4. Inakatazwa kwa nani?
5. Ninakunywa tayari dawa hizi na hizi: zinaweza kwenda pamoja?

Akishindwa kujibu la kwanza, usiendelee na mengine. Mchanganyiko ambao hauna majina, usinunue.

Wafuatao wasikunywe dawa ya mimea bila kumwuliza muuguzi au dokta: mwenye hepatiti, mwenye kukunywa dawa za kifua kikuu au za SIDA, mwenye kukunywa pombe kila siku, mwenye mimba, anayenyonyesha, na aliyewahi kugeuka manjano.

8. Alama za hatari

Acha kila dawa ya mimea na uende kituo cha afya siku ile ile ukiona:
- macho au ngozi ya manjano;
- mkojo mweusi kama chai kali, hata kama umekunywa maji mengi;
- choo cheupe kama udongo wa kupaka nyumba;
- mwili kuwasha bila upele;
- maumivu chini ya mbavu za kuume, au tumbo kuvimba;
- kichefuchefu na uchovu usioisha, chakula hakipiti.

Ukienda, beba ile dawa: majani, unga, chupa, vyote. Muuguzi akiuliza unakunywa nini, sema na majani pia. Hatakucheka, akijua, anapata njia ya kukusaidia. Usimeze paracetamol kwa wingi kutuliza maumivu, maana nayo inalemea ini. Na usitibu macho ya manjano kwa majani mengine juu ya yale ya kwanza.

9. Kazi yetu katika koperative

Kwa upande wangu, nimebadilisha desturi. Kila mmea mpya ninaoleta, ninasema mambo matatu mbele ya wote: ni wa kazi gani, ni nani asiule kati ya watu na mifugo, na mmea gani unafanana nao. Mkiona nimesahau, nikumbusheni. Mkiona agronomu mwingine amesahau, mwulizeni bila woga. Na katika kila shamba la mfano tuweke kibao: "KWA UDONGO – MTU ASINYWE, ASILE."

Mama mukubwa bado ana konsude pembeni ya kabichi zake. Mbolea yake ya maji inaendelea vizuri. Ila sasa kila anayepita kuomba kipandikizi, anamshika mkono na kumwambia habari yote ya tumbo lake mwanzo mpaka mwisho, ndipo anamkatia.

Maswali ya kujadili katika kikundi
- Katika kijiji chetu, wamama wanakunywa majani gani wakati mwezi umekoma? Tunajua majina yake yote?
- Je, kuna mmea tuliogawiwa kwa udongo au kwa mifugo ambao watu wameanza kuutumia kama dawa?
- Nani katika kikundi ataenda kumwomba muuguzi wa kituo cha afya aje kuzungumza na wamama, na na wababa pia?

Kazi njema mashambani. Tuonane katika somo lijalo.

Agronomu wenu